Sentensi ilisikika sawa, mbona alama imepotea? Kusaka chanzo cha makosa ya sarufi katika Karatasi ya Pili

Umerudishiwa karatasi yako ya Kiswahili. Ufahamu umepita vizuri, ufupisho si haba, lakini ukifungua ukurasa wa matumizi ya lugha, wino mwekundu umetapakaa. Hiyo ndiyo sehemu yenye alama 40 kati ya 80 za Karatasi ya Pili ya KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya sekondari nchini Kenya. Ufahamu una 15, ufupisho 15, isimujamii 10. Nusu nzima ya karatasi imo katika maswali ya kusahihisha, kukanusha, kugeuza, kunyambua na kuakifisha.

Wanafunzi wengi wakiona hivyo hukimbilia kitabu cha sarufi na kuanza tena ukurasa wa kwanza: irabu, konsonanti, silabi. Wiki mbili baadaye wanafanya jaribio jingine na kukosea palepale. Nawaomba sana msifanye hivyo. Kitabu kitakuja baadaye. Kwanza chukua karatasi iliyosahihishwa, keti nayo, na kila alama iliyopotea iulize: kosa hili limetoka wapi? Makosa ishirini yanaweza kuwa na vyanzo vitatu tu, na ukivijua hivyo vitatu umeokoa muda mwingi kuliko kusoma sura kumi ambazo tayari unazielewa. Hapa chini nimeanza na dalili, yaani kile unachokiona kwenye karatasi, kisha nikarudi nyuma hadi chanzo.

Jibu linasikika sawa hata sasa, lakini limekatwa

Uliisoma sentensi mara mbili ukaiacha. Hata leo ukiisoma huoni shida. Dalili hii ndiyo inayokatisha tamaa kuliko zote, kwa sababu mtu hujiona kama hana pa kuanzia.

Chanzo ni sikio. Sikio limelelewa na mazungumzo, na mazungumzo yana njia zake za mkato. Siyadharau hata kidogo. Ndiyo maisha ya lugha. Ila mtihani unapima Kiswahili sanifu, na mahali ambapo mazungumzo na usanifu vinaachana ndipo mtahini anapopenda kusimama. Tazama sentensi hizi:

Gari zote zimeharibika.
Hiki ndio kitabu nilichokuwa nikikitafuta.
Mtu yoyote anaweza kuingia.
Wageni wako katika shuleni.
Karibu nyumbani yangu.

Kwa mazungumzo hakuna atakayeshtuka. Kwa mtihani zote tano zina kosa. *Gari* ni nomino ya ngeli ya LI-YA, yaani kundi la nomino ambazo kitenzi chake huanza kwa *li-* katika umoja na *ya-* katika wingi, kwa hiyo ni *magari yote yameharibika*. *Ndi-* hubeba kirejeshi cha nomino inayorejelewa: *hiki ndicho kitabu*, *huyu ndiye mwalimu*, *hili ndilo swali*, *hapa ndipo mahali*. *Mtu* huchukua *yeyote*. *Yoyote* ni ya *nyumba yoyote*, *maswali yoyote*, *miti yoyote*. *Katika* tayari inaonyesha mahali na *-ni* pia inaonyesha mahali, basi chagua moja: *katika shule* au *shuleni*. Na nomino ikishachukua *-ni* huhamia ngeli ya mahali, ndiyo maana tunasema *nyumbani kwangu*, *nyumbani pangu* au *nyumbani mwangu*, kutegemea kama unazungumzia eneo kwa jumla, mahali dhahiri au ndani.

Dawa yake: acha kuisoma sentensi kwa sauti ya moyoni, kwa sababu hiyo sauti ndiyo inayokudanganya. Isome kwa jicho, kiambishi kwa kiambishi. Kila kiambishi cha upatanisho kina nomino iliyokizaa, na kazi yako ni kumtafuta mzazi wake. Ukikuta kiambishi kisicho na mzazi, umekuta kosa.

Mwanzo wa sentensi uko sawa, mwisho umepotoka

*Ufunguo wa masanduku ya wageni yamepotea.*

Nilipokuwa nikimfundisha msichana mmoja wa kidato cha tatu, alinisomea sentensi hii mara tatu akisisitiza kwamba ni sahihi. Nikamwambia aweke kidole chini ya *yamepotea*, kisha aniambie ni nini kilichopotea. Akasema masanduku. Nikamuuliza tena: masanduku yamepotea, au? Akanyamaza kidogo, kidole kikarudi nyuma kupita *wageni*, kikapita *masanduku*, kikasimama kwenye *ufunguo*. Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Aliandika *umepotea*, na tangu hapo sikumwona akikosea swali la aina hiyo.

Chanzo: nomino iliyo karibu na kitenzi huvuta upatanisho upande wake. Mtahini anajua hilo, kwa hiyo hurefusha njia kati ya kiima na kitenzi. Huingiza *a-unganifu* (ile *-a* ya *wa*, *cha*, *ya*), huingiza kishazi rejeshi, mpaka nomino halisi imesahaulika. *Kikapu cha machungwa yaliyooza kimetupwa.* Hapo *yaliyooza* ni ya machungwa na *kimetupwa* ni ya kikapu. Zote mbili ni sahihi, kila moja na mzazi wake. Mwanafunzi mwenye haraka huandika *yametupwa*.

Kwa hiyo kila unapofika kwenye kitenzi, jiulize: ni nani au ni nini? Kisha rudi kwenye neno la kwanza la kirai nomino. Yanayofuata *a-unganifu* ni maelezo tu ya hiyo nomino. Hayana mamlaka juu ya kitenzi.

Upatanisho umefuatwa vizuri, ila kwa ngeli isiyo yake

Hapa mwanafunzi si mzembe. Amefuata kiambishi tangu mwanzo hadi mwisho bila kuteleza, isipokuwa alianza na ngeli mbaya: *Kijana kile kimefika.* *Kifaru kimekimbia.*

Chanzo ni kuiangalia sura ya nomino badala ya tabia yake. Watu na wanyama huingia A-WA hata kama majina yao yanaanza kwa *ki-*: kijana, kiongozi, kinyozi, kiboko, kifaru. *Kifaru amekimbia, vifaru wamekimbia.* Lakini angalia jambo hili linalonifurahisha kila mara: kifaru cha vita, lile gari la chuma lenye mzinga, kinabaki KI-VI. *Kifaru kimekwama matopeni.* Neno ni lilelile, na upatanisho peke yake ndio unaokwambia kama ni mnyama au ni silaha. Vivyo hivyo *ua limechanua* (LI-YA, wingi *maua*) na *ua umebomoka* (U-ZI, wingi *nyua*).

Nomino zinazosumbua zaidi ni zile zinazoanza kwa *u-* na zile zinazoanza kwa *ma-*. *Ukuta* ni U-ZI: *kuta zimeanguka*. *Ugonjwa* ni U-YA: *magonjwa yameenea*. *Waraka* na *wimbo* ni U-ZI pia: *nyaraka*, *nyimbo*. *Maji, maziwa, mate, mauti, mahari* ni YA-YA, hazina umoja wa kutafuta. *Mahali* inafanana nazo kwa sura lakini imo katika ngeli ya mahali: *mahali pale ni pazuri*.

Njia ya kupima ni moja. Andika pembeni umoja na wingi wa nomino hiyo ukiziambatisha na kitenzi kimoja, mfano *-mepotea*: *waraka umepotea, nyaraka zimepotea*. Viambishi viwili vinavyojitokeza ndivyo jina la ngeli. Usikariri orodha ndefu ya nomino. Kariri nomino mbili za mfano kwa kila ngeli, halafu pima nyingine kwa hizo.

Kabla sijaondoka hapa: vivumishi vya asili ya kigeni kama *safi, hodari, bora, ghali, rahisi* havichukui kiambishi. *Watoto hodari*, si *wahodari*. Na *-ote* kwa nafsi husema *sisi sote, nyinyi nyote*.

Umeandika wingi, lakini alama haikuja yote

Swali: *Andika kwa wingi: Rafiki alimsaidia kubeba kikapu changu.* Jibu la wengi: *Marafiki walimsaidia kubeba vikapu vyangu.*

Nusu ya kazi imefanyika. Kiima kimeenda wingi, kitenzi kimefuata, kikapu kimekuwa vikapu. Lakini *-m-* ya mtendwa imebaki umoja, na *-angu* pia. Jibu ni *Marafiki waliwasaidia kubeba vikapu vyetu.* Nafsi nazo zina wingi: *-angu* huwa *-etu*, *-ako* huwa *-enu*, *-ake* huwa *-ao*. Ukimaliza kuandika jibu la wingi, pitia sentensi ya swali neno kwa neno na uweke alama ndogo ya penseli juu ya kila kitu kinachoweza kuhesabika. Kila alama lazima iwe na mabadiliko katika jibu.

Ukubwa na udogo: nomino imebadilika, mengine yamebaki

*Mbwa mkali amemuuma mtoto.* Ukiombwa uiandike katika ukubwa, *Jibwa mkali amemuuma toto* halitoshi. Nomino ikiingia ukubwa hupelekwa LI-YA, ikiingia udogo hupelekwa KI-VI, na uhai hauiokoi. Kivumishi, kiima na mtendwa vyote vinahama pamoja nayo: *Jibwa kali limeliuma toto.* Udogo: *Kijibwa kikali kimekiuma kitoto.* Hesabu viambishi vilivyobadilika katika sentensi hiyo fupi na utaona kwa nini watahini wanaipenda.

Kuhusu umbo lenyewe: nomino yenye shina la silabi moja huhitaji *ji-* ili isimame: *mti, jiti, kijiti*; *mtu, jitu, kijitu*. Yenye shina refu hudondosha kiambishi chake: *mlango, lango, kilango*.

Umekanusha, na bado ni kosa

Hii ndiyo sehemu ninayoiona ikiwaumiza wanafunzi wazuri, na ningependa tukae hapa kidogo.

*Kanusha: Mwalimu amefika.* Jibu lililokatwa: *Mwalimu hakufika.* Mwanafunzi analalamika: si nimekanusha? Ndiyo, umekanusha, lakini umekanusha sentensi nyingine. *Hakufika* ni kinyume cha *alifika*. Ulipewa *-me-*, na kanushi yake ni *-ja-*: *Mwalimu hajafika.* Kukanusha hakuna ruhusa ya kubadilisha wakati wala hali. Chanzo cha kosa hili ni kudhani kwamba kukanusha ni kubandika *ha-* mwanzoni tu, wakati ukweli ni kwamba kila kiambishi cha wakati kina mwenzake wa upande wa pili. *-li-* huwa *-ku-*: *alisoma, hakusoma*. *-na-* hupotea na kitenzi cha Kibantu huishia *-i*: *anasoma, hasomi*. *-ta-* hubaki: *atasoma, hatasoma*. *Hu-* ya mazoea huondoka: *huamka mapema, haamki mapema*. Amri *njoo* huwa *usije*; *aende* huwa *asiende*.

Halafu kuna vitenzi vya silabi moja, ambavyo vina *ku-* ya kuvibeba. *Amekula* ukiikanusha unapata *hajala*. *Alikula* ukiikanusha unapata *hakula*. Tazama *-ku-* hizi mbili kwa karibu. Katika *alikula* ile *-ku-* inabeba shina *-la* kwa sababu shina ni fupi. Katika *hakula* ile *-ku-* ni kiambishi cha wakati uliopita katika hali ya kukanusha, ileile iliyomo katika *hakusoma*. Zinafanana kama mapacha, kazi zao ni mbalimbali. Ukiulizwa ubainishe mofimu za *hakula*, hapo ndipo jibu lako litajulikana limetoka kwenye kuelewa au kwenye kubahatisha.

Sentensi za masharti nazo zina mtego wake. *Akija tutaondoka* huwa *Asipokuja hatutaondoka*: vishazi vyote viwili vinakanushwa, na *-ki-* ya masharti inageuka *-sipo-*. Lakini *-ki-* si ya masharti kila mara. *Alikuwa akisoma* haina sharti lolote. *-Ki-* yake inaonyesha tendo lililokuwa likiendelea, na kanushi ni *Hakuwa akisoma*. Kabla ya kuandika *-sipo-*, jiulize kama unaweza kuweka neno *kama* mbele ya kitenzi bila kuharibu maana. Ukiweza, ni sharti.

Na *-nge-* hukaa na *-nge-*, *-ngali-* hukaa na *-ngali-*. *Ungekuja ungalimkuta* ni sentensi ya kusahihishwa, iwe swali ni la kukanusha au la. *Angesoma angefaulu* huwa *Asingesoma asingefaulu*.

Kirejeshi kimerudiwa, au kimebandikwa pasipostahili

*Kitabu ambacho nilichokinunua kimepotea.* Virejeshi viwili kwa nomino moja. *Amba-* ikishabeba *-cho*, kitenzi hakihitaji tena *-cho*. Chagua: *kitabu ambacho nilikinunua*, au *kitabu nilichokinunua*.

Upande mwingine kuna *mtoto amefikaye*. Mwanafunzi ameambiwa atumie O-rejeshi tamati, akachukua kitenzi chenye *-me-* na kukibandika *-ye* mwishoni. O-rejeshi tamati hukaa kwenye kitenzi kisicho na kiambishi cha wakati: *mtoto afikaye*, *mti uangukao*. O-rejeshi ya katikati huingia pamoja na *-na-*, *-li-*, *-taka-* na *-si-*: *anayesoma, aliyesoma, atakayesoma, asiyesoma*. *-me-* haikubali yoyote kati ya hizo mbili, na kwa hiyo hukimbilia *ambaye amefika*. Chunguza pia *-taka-* ya wakati ujao. *Mgeni atayekuja* unasikika sana, lakini sanifu ni *mgeni atakayekuja*.

Kauli za kitenzi zinachanganyana

Ukinyambua vibaya, kuna maswali mawili tu ya kujiuliza. Je, umekosea irabu, au umekosea kauli yenyewe?

Irabu hufuata shina. Shina lenye *a, i, u* huchukua *i*: *kata, katia, pika, pikia, funga, fungia*. Shina lenye *e, o* huchukua *e*: *cheka, chekea; soma, somea*. Vitenzi vinavyoishia na irabu mbili hurudisha *l* iliyofichika: *nunua, nunulia, toa, tolea*. Vya silabi moja vina njia zao na vinafaa kuandikwa kwenye ukurasa mmoja wa daftari na kukaririwa: *-pa* huwa *pewa*, *-la* huwa *liwa* na *lisha*, *-fa* huwa *fia* na *fiwa*, *-nywa* huwa *nywea* na *nywesha*.

Kukosea kauli yenyewe ni tatizo la maana. *Kikombe kimevunjika na mtoto.* Kutendeka kunasema tendo limetokea, bila kumtaja mtendaji. Ukitaka kumtaja mtoto, nenda kutendwa: *Kikombe kimevunjwa na mtoto.* Ukiona *na* ya mtendaji baada ya *-ika* au *-eka*, kosa liko hapo. Na kutofautisha kutendwa na kutendewa, angalia kilicho mahali pa kiima. *Chakula kilipikwa na mtoto*: kiima ndicho kilichopikwa. *Mama alipikiwa chakula na mtoto*: kiima ni yule aliyefanyiwa. Anayeielewa tofauti hii hatasumbuka tena na shamirisho kipozi na shamirisho kitondo, kwa kuwa chakula ni kipozi na mama ni kitondo, hata ukizigeuza sentensi vipi.

Usemi wa taarifa una mabaki ya usemi halisi

*“Nitakuletea kitabu hiki kesho,” Asha alimwambia Baraka.*

Jibu lenye mabaki: *Asha alimwambia Baraka kwamba atamletea kitabu hiki kesho.* Alama za kunukuu zimeondoka, nafsi zimebadilika vizuri, lakini msemaji bado amesimama mahali pake na siku yake. Taarifa inasimuliwa na mtu mwingine, mahali pengine, siku nyingine: *Asha alimwambia Baraka kwamba angemletea kitabu hicho siku iliyofuata.* Chanzo cha mabaki ni kubadilisha unachokumbuka badala ya kupita vitu vinne kwa zamu: nafsi, wakati, umbali, siku. Amri nazo hupoteza umbo lake: *“Fungeni milango!” mwalimu aliwaamuru wanafunzi* huwa *Mwalimu aliwaamuru wanafunzi wafunge milango*, bila alama ya hisi.

Ulisahihisha kosa, ukaanzisha jingine

Kuna wanafunzi ambao wakiambiwa *sahihisha* huiandika sentensi upya kwa maneno yao. Sentensi yao ni nzuri, lakini si ile iliyoulizwa, na mara nyingi ina kosa jipya. Rekebisha kilichovunjika, acha kilichosimama. Wengine hufurahi wakikuta kosa la kwanza na kusimama hapo, kumbe sentensi ilikuwa na mawili. Swali la alama 2 linalokupa kosa moja tu linastahili kusomwa tena.

Vivyo hivyo kwa sentensi yenye utata. *Nunua mbuzi*: mmoja ni mnyama, mwingine ni kifaa cha kukunia nazi. Hizo ni maana mbili. Ukisema “nunua mbuzi wa kufuga” na “nunua mbuzi wa kuchinja”, umetoa maana moja mara mbili.

Sarufi sawa, tahajia mbaya

Hapa sitakaa. Lugha ya kwanza ya mtu huvuta matamshi, na matamshi huvuta kalamu: *dhahabu* ikawa *thahabu*, *kura* ikawa *kula*, *hata* ikawa *ata*. Na ile ya *ng'ombe*: ritifaa hukaa baada ya *g*, si kabla. Ukijua ni sauti zipi mbili au tatu zinazokusumbua wewe binafsi, pitia kazi yako mara ya mwisho ukitafuta hizo tu.

Nyumbani unaweza, mtihanini muda unakwisha

Karatasi ina saa mbili na nusu, yaani dakika 150 kwa alama 80. Hiyo ni chini kidogo ya dakika mbili kwa alama, na sehemu ya matumizi ya lugha inastahili kama dakika 75 kwa hesabu hiyo. Sentensi ya alama 2 ikikukalisha dakika saba, umekopa kutoka kwa isimujamii. Acha nafasi, weka alama pembeni, endelea. Chanzo cha kukwama kwa kawaida ni kujaribu kuiona sentensi yote kwa mara moja. Njia ya haraka ni kuipita kwa mpangilio uleule kila siku, mpaka mkono uizoee: nomino kuu, kitenzi chake, virejeshi, vivumishi, mahali, tahajia.

Chukua hii ukaipitie:

*Mwanafunzi yoyote ambaye aliyepoteza ufunguo wa masanduku yake yaende kwa mwalimu.*

Nomino kuu: mwanafunzi, A-WA umoja. Kitenzi chake: nani aende? Kidole kinarudi kupita masanduku, kupita ufunguo, hadi mwanafunzi. Basi *yaende* haina mzazi, ni *aende*. Virejeshi: *ambaye* na *-ye-* vimekutana, kimoja kiondoke. Vivumishi: *yoyote* kwa mwanafunzi ni *yeyote*. *Ufunguo wa* ni sawa. *Masanduku yake* ni sawa, usiiguse. *Kwa mwalimu* ni sawa. Tahajia ni safi.

*Mwanafunzi yeyote aliyepoteza ufunguo wa masanduku yake aende kwa mwalimu.*

Makosa matatu, kila moja na chanzo chake. Sasa irudie karatasi yako ya zamani, na pembeni mwa kila alama iliyopotea andika kwa penseli neno moja tu: *sikio*, *mvuto*, *ngeli*, *kiambishi*, *swali*, *haraka*. Ukimaliza, hesabu ni neno lipi limejirudia zaidi. Hilo ndilo la kufanyia mazoezi wiki hii.